Nani Husaidiwa na Serikali?

Katika mwaka wa 2008 mtaalamu wa elimu ya siasa wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, Suzanne Mettler, aliwauliza wananchi wenzake kama wamewahi kufaidika na mpango wowote wa serikali wa kuwafaa raia, kisha akawatajia mipango hiyo mmoja mmoja kwa jina lake ili ajue ni ipi waliyowahi kuitumia. Na majibu ya swali la kwanza yakapingana na ya pili kwa namna ya kustaajabisha. Miongoni mwa watu waliopunguziwa kodi kwa sababu ya riba ya mikopo ya nyumba zao, asilimia 60 walikuwa wamekwisha kukana kwamba wamewahi kuwamo katika mpango wa serikali, na miongoni mwa wazee waliokuwa wakilipwa pensheni ya taifa waliokana walikuwa asilimia 44. Bali miongoni mwa waliopewa hati za kununulia chakula waliokana walikuwa robo tu. Ni rahisi kuhukumu kwamba watu hao hawaifahamu dola yao. Mimi naona wameifahamu vema kuliko tunavyodhani, kwani walijibu kwa kuifuata njia waliyopokelea: aliyepewa bila ya kuulizwa hali yake hakujiona kuwa amesaidiwa, na aliyeulizwa hakuweza kusahau.

Hoja yangu ni kwamba kinachoifanya fedha ya hazina ihesabiwe kuwa msaada si ukubwa wake, wala si kukosa kwake malipo ya kuirudisha, bali ni sharti la mpokeaji kuudhihirisha kwanza unyonge wake mbele ya macho ya watu. Hoja hii haiihusu Marekani peke yake. Kwa Tanzania, Bara na Visiwani, ushahidi wake uko mlangoni petu.

Tuanze na mwenye gari. Bei ya mafuta ilipopanda duniani katika mwaka wa 2022, serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni ili kuishusha, na kila aliyesimamisha gari lake kituoni akajaza tangi alichukua fungu lake katika fedha hizo, kubwa au dogo kwa kadiri ya tangi lenyewe. Ni kweli kwamba ruzuku hiyo iliwafikia pia wapanda daladala na walaji wa nafaka iliyosafirishwa kwa malori, wala sisemi kwamba ilitolewa bila ya sababu. Nasema tu kwamba mwenye magari mawili hakuitwa mkutanoni, hakuandikwa katika daftari, hakuulizwa kama watoto wake wanakwenda shule au kama mkewe mjamzito anahudhuria kliniki. Na ukimwambia leo kwamba aliwahi kusaidiwa na serikali atakucheka, au atakasirika. Ndivyo ilivyo pia kwa mwekezaji aliyesamehewa ushuru wa mitambo, na kwa mtumishi mstaafu apokeaye kiinua mgongo, na kwa mkulima aliyenunua mfuko wa mbolea kwa bei ya ruzuku, ambaye aliandikishwa kweli, lakini aliandikishwa kwa shamba lake na si kwa umaskini wake, basi akatoka dukani kifua mbele.

Tazama sasa njia anayoipita mjane wa kijijini. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ambao watu wote huuita TASAF, uliundwa mwaka 2000, na baada ya kujaribu malipo ya fedha taslimu huko Bagamoyo, Chamwino na Kibaha kuanzia mwaka 2010, uliingia katika mpango wa kunusuru kaya maskini, ambao baadaye ulizifikia kaya milioni moja na zaidi. Jina la mjane hutajwa kwanza katika mkutano wa kijiji, penye mashemeji na majirani, penye anaowadai na wanaomdai, na yampasa aketi hapo asikilize hali yake ikijadiliwa kama mpaka wa shamba. Kisha huja mwenye dodoso akamuuliza kama paa ni la bati au la nyasi, kama sakafu ni ya saruji au ya udongo, kama ana mifugo na ni mingapi, wala haulizi kwa jeuri, maana hiyo ndiyo kazi aliyotumwa. Majibu hupelekwa mbali yakapimwa kwa hesabu ambayo hakuna mtu wa kijiji aijuaye, na orodha ikarudi kusomwa tena mkutanoni. Aliye ndani ya orodha huitwa mlengwa. Aliye nje hubaki akihesabu mabati ya jirani yake.

Wala kazi ya kuchagua haikuwa nyepesi kwa wachaguaji. Uchunguzi wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2011/12 ulionyesha kwamba asilimia 28.2 ya watu wa Tanzania Bara waliishi chini ya mstari wa mahitaji ya lazima, na asilimia 9.7 chini ya mstari wa chakula. Baina ya tarakimu hizo mbili wamo mamilioni ya watu wasiokuwa na kitu, walakini si mafakiri wa kutosha. Na katika kijiji ambacho takriban kila nyumba ina dhiki, kaya ya mwisho kuingia na kaya ya kwanza kuachwa hutofautiana kwa kuku wawili au kwa fundi aliyechelewa kuezua nyasi. Ndiyo sababu minong'ono ya upendeleo haikosekani hata pale ambapo kamati imetenda kwa insafu kamili. Mtu anaweza kustahimili umaskini walioumbiwa wengi. Kuambiwa mbele ya watu kwamba umaskini wake haukufuzu ni jambo jingine.

Malipo yenyewe yalianza kwa kiwango cha msingi cha shilingi 10,000 kwa mwezi, pamoja na nyongeza za watoto kwa sharti la shule na kliniki, jumla yake isizidi 38,000. Sizibezi fedha hizi. Zimenunua madaftari na sare, zimelisha watu katika miezi ya njaa kabla ya mavuno, na wanawake wengi walizianzishia mradi wa kuku au wa mbuzi. Lakini papo hapo palizuka malalamiko ya makato, kwamba siku ya malipo hugeuzwa kuwa siku ya kukusanya michango ya kijiji, kwa kuwa inajulikana nani ana fedha mkononi na saa ngapi. Na hilo lisingetendeka kama mpokeaji angeonekana kuwa na milki juu ya fedha zake sawa na mstaafu, ambaye hakuna mtendaji athubutuye kumngojea mlangoni pa benki.

La kushangaza zaidi ni ajira za muda zilizomo katika mpango huo huo. Mlengwa alifanya kazi siku zisizozidi 60 kwa mwaka, akichimba lambo au kutengeneza barabara kwa shilingi 2,300 kwa siku, na ujira huo ukaandikwa katika hesabu za kunusuru maskini. Mkandarasi angechimba lambo lile lile, angelipwa mara nyingi zaidi, na malipo yake yangeandikwa kuwa gharama za ujenzi. Sasa mtu aliyeshinda juani na jembe, akakiachia kijiji maji ya ng'ombe, amesaidiwa yeye au amekisaidia kijiji? Sioni jibu jingine ila kwamba ujira wake uliitwa msaada kwa sababu alikwisha kuandikwa kuwa maskini kabla ya kupewa jembe.

Zanzibar ilichagua njia nyingine kwa wazee wake. Tangu Aprili 2016 kila mkazi aliyetimiza miaka 70 alistahiki shilingi 20,000 kwa mwezi kutoka katika bajeti ya Serikali ya Mapinduzi yenyewe, awe alikuwa mchuuzi wa samaki au mwalimu mkuu, awe ana watoto Muscat wanaomletea fedha au hana mtu. Na wazee zaidi ya 25,000 wakaandikishwa. Swali liliulizwa moja tu, umri, nalo lina taabu yake, kwa kuwa bibi aliyezaliwa shamba zama zile aghalabu hana cheti, bali anajua kwamba alikuwa bado akibebwa mgongoni wakati wa mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa mwaka 1948. Hata hivyo, kuna tofauti kubwa baina ya kuthibitisha umri na kuthibitisha ufukara. Uzee huongeza heshima ya mtu anapoutaja, na wanaokutana kituoni siku ya malipo hukutana kama marika. Yamkini jambo hili halikuwa geni kwa watu waliolelewa katika mafunzo ya zaka, ambayo huhesabiwa kuwa haki ya mustahiki iliyomo ndani ya mali ya tajiri, na ambayo adabu ya pwani hupendelea ipelekwe nyumbani kwa mtu bila ya jirani kujua.

Watasema wenye kuchunga hazina kwamba ni israfu kumpa tajiri wa miaka 70 fedha asiyoihitaji, ilhali mayatima wanalala njaa. Hoja hii ni nzito, na ingekuwa nzito zaidi kama ingetumika kote. Lakini husikika maskini anapopewa, na haisikiki sana tangi la gari linapojazwa. Kuwachambua watu kuna gharama yake ya fedha, nako hukosea pande zote mbili, kwa kumwingiza asiyestahiki na kumwacha anayestahiki. Na gharama ya murua haimo katika daftari lolote. Tajiri mzee anaweza kurudisha fedha zake hizo kwa njia ya kodi, kimya kimya, bila ya mkutano.

Lakini pensheni ya Zanzibar nayo haijakamilika kuwa haki. Kiwango chake kilibaki pale pale miaka kadhaa huku bei ya mchele na ya sukari ikipanda, kwa sababu hakikufungamanishwa na bei za sokoni. Kiwango kisichofungamanishwa hivyo hungoja tamko, tamko hungoja kiongozi, na mzee aliyepokea haki yake kwa miaka hujikuta akitakiwa kushukuru kwa nyongeza. Kanuni ya kukipandisha kila mwaka kwa kadiri ya mfumuko wa bei, ikipitishwa na Baraza la Wawakilishi, ingeziba pengo hilo. Na kwa upande wa Bara, hotuba ya bajeti ingeweza kuziweka ruzuku za mafuta, misamaha ya kodi na malipo ya TASAF katika jedwali moja, ili msomaji aone mwenyewe ni nani aliyepokea kiasi gani.