Nusu ya Pili ya Habari: Mafanikio ya Wagiriki wa Tanganyika na Wahamiaji kutoka Kaskazini mwa Cabo Delgado

Utangulizi

Katika historia ya uchumi wa Tanganyika, Wagiriki hutajwa kama jamii ndogo ya wahamiaji iliyopata mafanikio makubwa kuliko idadi yake. Mafanikio hayo huelezwa kwa bidii, ujuzi na mshikamano wa walowezi wenyewe. Makala haya yanadai kwamba maelezo hayo ni nusu ya habari. Nusu ya pili iko ng'ambo ya mto Ruvuma, katika mwambao wa Palma na Mocímboa da Praia na katika uwanda wa juu wa Mueda, zilikotoka nguvukazi zilizochangia kuyajenga mafanikio hayo.

Kutoka Reli hadi Mkonge

Wagiriki wengi wa mwanzo waliingia katika koloni la Wajerumani wakiwa makandarasi wadogo na mafundi wa reli. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Kazi hiyo iliwapa akiba ya fedha pamoja na uzoefu wa kuajiri, kulisha na kusimamia makundi ya vibarua. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walinadi mashamba yaliyotwaliwa kutoka kwa Wajerumani, na Wagiriki wakawa miongoni mwa wanunuzi. Baadhi walilima kahawa Kilimanjaro na Arusha. Wengine walishika mkonge, zao lililoletwa na Richard Hindorf mwaka 1893. Japani ilipoiteka Ufilipino mwaka 1942, nchi za Magharibi zilikosa nyuzi za Manila, na thamani ya mkonge ikapanda. Ilipanda tena wakati wa Vita vya Korea.

Manamba kutoka Ng'ambo ya Ruvuma

Mkonge hukatwa karibu mwaka mzima, na majani yake lazima yafike koronani kabla hayajakauka. Kwa hiyo ujuzi wa mwenye shamba haukuwa na faida pasipo mikono mingi ya kila siku, na wenyeji wenye mashamba yao hawakuipenda kazi hiyo. Mwaka 1944 wakulima wa mkonge waliunda SILABU, ofisi ya kuandikisha manamba kutoka mbali. Hata hivyo, watu wengi wa Msumbiji walivuka mto kwa uamuzi wao wenyewe.

Sababu yao inaeleweka. Kampuni ya Niassa iliitawala Cabo Delgado hadi mwaka 1929 kwa kodi na kazi za shuruti. Baada yake ilikuja serikali ya kikoloni ya Ureno, na kuanzia mwaka 1938 kilimo cha pamba cha kulazimishwa. Kipande cha Tanganyika kilikuwa na ukali wake: siku 30 za kazi zilipaswa kutiwa alama, na asiyemaliza ngwe yake hakuhesabiwa siku hiyo. Hata hivyo, mwisho wake ulikuwa mshahara wa fedha taslimu. Chaguo hilo la watu waliokimbia shuruti liliwanufaisha wenye mashamba, wakiwemo Wagiriki.

Kutoka Kambini hadi Siasa

Katika makambi ya Tanga, Lindi na kwingineko, wahamiaji hao walitumia Kiswahili, wakaunda vyama vya kusaidiana, na wakaona TANU ikidai uhuru. Kutokana na vyama hivyo kulizuka MANU. Tarehe 16 Juni 1960, Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, waliotoka Tanganyika, walikuwa Mueda kuwasilisha madai kwa gavana. Askari wakaufyatulia risasi umati. Miaka miwili baadaye, Juni 1962, MANU iliungana na vyama vingine Dar es Salaam kuunda FRELIMO. Vita vya ukombozi vilianza Chai, Cabo Delgado, tarehe 25 Septemba 1964.

Upande wa walowezi nao uliacha alama katika siasa. Ukumbi wa Arnautoglu, Mnazi Mmoja, uliopewa jina la mfadhili wake Mgiriki, George Arnautoglu, ndiko Julius Nyerere alikochaguliwa kuwa rais wa TAA mwaka 1953. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilifuatwa na kutaifishwa kwa sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge, na Wagiriki wengi wakaondoka.

Hitimisho

Jina la mfadhili limebaki ukutani. Majina ya wakata mkonge yalibaki katika vipande na madaftari ya mishahara. Kumbukumbu za mashamba zinazosalia Tanzania ni sehemu ya historia ya Cabo Delgado, na zinastahili kuhifadhiwa na kusomwa na nchi zote mbili, pamoja na masimulizi ya wazee waliorejea. Jambo hili lina uzito wa kisera. Tangu mashambulizi ya Mocímboa da Praia, Oktoba 2017, na ya Palma, Machi 2021, Ruvuma hutazamwa zaidi kama mpaka wa usalama. Historia inaonyesha kwamba ulikuwa pia njia ya riziki na chemchemi ya uhuru. Sera itakayowaona wavukaji wake kama tishio tu itakuwa imesahau ni nani waliokata mkonge wa Tanganyika.