Hesabu ya Ndugu Kaskazini ya Mafia: Maandishi ya Pat Caplan na Safari ya Kunukuliwa Kwake

Ras Mkumbi ndiyo ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Mafia, mahali ulipo mnara wa taa uliojengwa zama za Wajerumani. Ukiiacha rasi hiyo na kushika njia ya kusini, unakutana na vijiji vya wakulima na wavuvi, vyenye minazi, mashamba ya mpunga na mapori yanayolimwa kwa kuhamahama. Katika kijiji kimojawapo cha upande huo, ambacho katika maandishi yake alikipa jina la Minazini, mwanaanthropolojia Pat Caplan alifika mwaka 1965 kufanya utafiti wa shahada ya uzamivu. Alikuwa amekwisha kusoma Kiswahili katika School of Oriental and African Studies, London. Jambo hili huelezwa kwa haraka katika wasifu wake, ilhali ndilo lililowezesha mengine yote: aliuliza habari za ndoa, talaka na urithi katika lugha ya waulizwaji.

Kitabu chake cha kwanza, Choice and Constraint in a Swahili Community, kilitoka mwaka 1975. Maelezo mengi yaliyotangulia yaliitazama pwani kupitia miji yake ya mawe na nasaba za upande wa baba. Caplan alionyesha sura nyingine. Kaskazini ya Mafia mtu hudai haki ya kulima pori kupitia baba au mama, na hivyo huweza kuwa na nafasi katika koo zaidi ya moja. Ni ukoo upi ataufuata kwa dhati hutegemea anapoishi, anapolima na nani wanamhitaji. Minazi ina utaratibu wake, kwani humilikiwa na mtu binafsi na hurithiwa kwa sheria ya Kiislamu, ambapo binti hupata nusu ya fungu la kaka yake. Katika pori, dada na kaka husimama sawa. Mwanamke yule yule, basi, ni nusu chini ya mnazi na ni mzima porini, na hakuna anayeona ajabu.

Hapo ndipo elimu ya idadi ya watu inapoingia, na inapotatizika. Sensa ya kwanza baada ya Muungano ilifanyika mwaka 1967, na kama sensa zilizofuata ilihitaji kaya: watu wa paa moja, chungu kimoja, mkuu mmoja. Lakini mtoto aliyelelewa na bibi, mke wa mitala mwenye nyumba yake, mtalaka aliyerudi kwa kaka yake, hawa wahesabiwe wapi? Caplan naye alihesabu, tena akarudia hesabu katika kijiji kile kile, kwani alirejea mwaka 1976, 1985, 1994 na baadaye. Kutokana na ung'ang'anizi huo (na neno hilo hapa ni sifa) zilitoka makala mbili zinazostahili kusomwa na kila mwanafunzi wa familia ya pwani. Moja, iliyotoka mwaka 1999, inahoji wasichana wa Mafia wamekwenda wapi, yaani kwa nini hesabu yao ilipungua ikilinganishwa na ya wavulana. Nyingine inafuatilia ndoa ya mke mmoja, ya mitala na hali ya kuishi bila ndoa tangu mwaka 1965 hadi 1994. Takwimu za kijiji kimoja ni ndogo. Hata hivyo, aliyezikusanya aliwajua wengi wa waliohesabiwa tangu utotoni mwao, faida ambayo sensa ya taifa haiwezi kuwa nayo.

Je, kazi hizi zimenukuliwa kwa kiasi gani? Jibu linategemea mahali pa kutazama. Kitabu alichokihariri mwaka 1987 kuhusu jinsia na ujinsia, The Cultural Construction of Sexuality, kimenukuliwa na wanazuoni wengi wasio na haja yoyote na Uswahili. Makala za Mafia husomwa zaidi na wataalamu wa pwani na wa masuala ya wanawake. Anayepima uzito wa mtaalamu kwa idadi ya nukuu peke yake atadhani kwamba Mafia ilikuwa maandalizi tu, na atakosea. Hoja ya ukoo wa pande mbili imekuwa sehemu ya ujuzi wa kawaida kuhusu Waswahili, na hoja ikishafika huko watu huitumia bila kumtaja mwenyewe.

Kuna suala jingine linalowahusu wanaisimu hasa. Neno ndugu hubeba kaka, dada, binamu na hata mkwe. Likitafsiriwa kwa Kiingereza hulazimika kuchagua mmoja. Aidha, kitabu cha mwaka 1997, African Voices, African Lives, kimejengwa kwa sehemu kubwa juu ya maneno ya mkulima mmoja, mkewe na binti yao, pamoja na shajara ambayo mkulima huyo aliiandika kwa Kiswahili kwa ombi la mtafiti. Majina yao yamefichwa ili kuwalinda, na uamuzi huo ni wa haki. Lakini kwa sababu hiyo hiyo mwandishi wa shajara hawezi kunukuliwa. Katika orodha za marejeo, Kiswahili chake huonekana kama kitabu cha Kiingereza cha Caplan, kilichochapishwa London mwaka 1997.