Tarehe ya Majina ya Kudekeza

Katika Kurani Tukufu, Luqmani anapomuusia mwanawe asimshirikishe Mungu na kitu chochote, hamwiti kwa jina lake, wala hatumii tamko la kawaida la Kiarabu lenye maana ya mwana, bali humwita kwa tamko lililopunguzwa, kama kwamba mwana yule, ajapokuwa na akili ya kupokea wasia mzito kama ule, ni kitoto bado machoni pa babake. Na kwa tamko lilo hilo Nabii Nuhu alimwita mwanawe aliyekataa kupanda safina, hali gharika imekwisha kuenea na wakati wa kubembelezana umekwisha pita. Wanachuoni wa lugha wa Basra, akiwamo Sibawayhi katika karne ya 8 Miladi, waliliita tendo hili tasghiri, wakalitungia kanuni zake: Hasan akipunguzwa huwa Husain, Umar huwa Umair, Abd huwa Ubaid. Waliona vilevile kwamba umbo hilo moja huweza kubeba dharau au kubeba mapenzi, na kwamba anayeitwa hujua mara moja amekusudiwa lipi kati ya mawili hayo.

Kando ya tasghiri waliweka tarkhimu, nayo ni kulikata jina mwisho wake wakati wa kuita, kama Mtume (s.a.w.) alivyomwita Bibi Aisha kwa kumwambia Aish tu. Lakini kisa kinachopendeza kuliko vyote ni cha mdogo wake Anas bin Malik, mtoto aliyekuwa akiitwa Abu Umair, yaani baba wa Umair, ingawa umri wake ulikuwa mbali sana na ubaba. Mtoto huyu alikuwa na kindege akichezea, kindege kikafa, naye akahuzunika. Mtume alipomkuta katika hali hiyo alimuuliza habari za kindege kwa maneno yenye vina, jina la mtoto na jina la ndege yote mawili yakiwa katika umbo la tasghiri. Ibn al-Qas, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafii, alitunga risala nzima juu ya hadithi hii fupi, akatoa ndani yake faida 60, na miongoni mwazo ni ruhusa ya kumpa mtoto mdogo jina la heshima kama hilo, na ruhusa ya kulipunguza jina kwa mapenzi. Sijui kama yuko mtoto mwingine aliyefiwa na ndege, kisha wanachuoni wakaishughulikia huzuni yake kiasi hicho.

Majina hayo ya Kiarabu yalipovuka bahari yakapata makao katika miji ya pwani yetu, ukataji wake uligeuka. Mwarabu katika tarkhimu huacha kichwa akaondoa mkia. Mswahili, kwa kuwa mkazo wa lugha yake huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, aghalabu huondoa kichwa akabaki na kile kinachosikika zaidi, ndipo Khadija akawa Dija, na Fatuma akawa Tuma, na Abdalla akawa Dulla. Kanuni hii haikosi wavunjaji, maana Ramadhani ni Rama na Suleimani ni Sele, wala hapana mama aliyewahi kuuliza kanuni kabla ya kumwita mwanawe.

Isitoshe, desturi ya kale ya Waswahili ilimpa mtoto majina mawili. La kwanza ni jina la utotoni, alilopewa na jamaa mzee mara alipozaliwa, kwa kutazama siku, au saa, au umbo, au masaibu yaliyoizunguka mimba: Chausiku kwa binti aliyekuja usiku, Pili na Tatu kwa zamu ya kuzaliwa, Shida, Taabu na Mashaka kwa hali ya mji ule wakati ule. La pili ni jina la ukubwani, lililochaguliwa na wazazi au mababu na kutangazwa kabla arubaini haijatimia. Msomaji anaweza kustaajabu kwamba mtu ampendaye mwanawe amwite Mashaka, na hapa ndipo tunapoingia katika mlango mpana wa mambo haya, kwani mataifa mengi yaliyokuwa mbalimbali kwa dini na kwa bahari yaliafikiana kwamba mtoto mpendwa hana budi afichwe asionekane na kijicho wala mauti.

Wachina huliita jina la utotoni jina la maziwa, na mara nyingi walilifanya duni kwa makusudi. Sima Xiangru, mtunzi mashuhuri wa zama za Han aliyefariki mwaka 117 kabla ya Miladi, aliitwa na wazazi wake Kijibwa, hata alipokua akajichagulia jina la Xiangru kwa kumstahi waziri mmoja wa zamani. Huko Japani, Toyotomi Hideyoshi, jemadari aliyeiunganisha nchi nzima chini ya amri yake, alipata mwana mwaka 1589 akiwa amekwisha kuwa mtu wa makamo, akamwita Sute, yaani aliyetupwa, ili pasiwe na wa kumtamani. Mtoto akafa mwaka 1591. Alipojaliwa mwingine mwaka 1593, alimwita Hiroi, yaani aliyeokotwa, kama kwamba si mwanawe bali ni kiokotwa cha njiani. Mtu huyu aliamrisha majeshi, majumba na hazina, na juu ya kitanda cha mwanawe hakuwa na silaha ila neno. Hiroi alikua akawa Hideyori, akafa katika kuanguka kwa ngome ya Osaka mwaka 1615.

Ulaya nayo ina utajiri wake, ambao nitaupita upesi: Warusi humgeuza Ivan kuwa Vanya na Maria kuwa Masha, Waingereza humfikisha Margaret hadi Peggy kwa njia isiyofahamika kwa mgeni, na Wahispania humwita José Pepe. Ila Warumi wametuachia onyo. Gaius, mwana wa Germanicus, alilelewa utotoni katika kambi za jeshi kando ya mto Rhine, akivishwa mavazi ya askari kwa kipimo chake, nao askari wakamwita Caligula, yaani kiatu kidogo cha vita. Aliposhika ufalme mwaka 37 alilichukia jina hilo, na Seneca anasimulia kwamba akida mmoja aliadhibiwa kwa kulitamka. Aliuawa mwaka 41, na jina alilolichukia ndilo pekee ambalo ulimwengu unamjua kwalo.

Wanyoro na Watoro wa magharibi ya Uganda wameliepuka tatizo la Gaius kwa njia ambayo mimi naiona ni ya hekima kubwa. Kwao kila mtu, licha ya jina lake na la ukoo, ana empaako, jina la mapenzi lililotolewa katika fungu la majina 12 tu, kama Abwooli, Akiiki, Amooti, Araali, Apuuli, Ateenyi na Adyeeri. Na moja miongoni mwayo, Okaali, ni la mfalme peke yake. Shangazi za mtoto humpokea, wakamkagua sura kutafuta amemfanana nani katika jamaa, na mkuu wa ukoo akalitangaza jina. Kisha huliwa ugali wa ulezi na nyama iliyokaushwa kwa moshi, na mti ukapandwa. Asili ya majina haya husemwa kuwa ni Kiluo, yaliyokuja na ukoo wa kifalme wa Babito, kwa hiyo katika lugha ya wenyeji hayatoi habari ya siku wala msiba, bali kazi yake ni kupendana tu. Mtoto humwita babake kwa empaako bila ya kumvunjia heshima, na wagombanao hulitumia kupozana hasira.

Mwaka 2013, katika mkutano uliofanyika Baku, UNESCO iliitia desturi hii katika orodha ya turathi zinazohitaji kuhifadhiwa kwa haraka, kwa sababu lugha yake inapungua kutumiwa na sherehe za kuitoa zinaachwa. Hata hivyo mgeni afikaye Hoima au Fort Portal huulizwa empaako yake, na akiwa hana hupewa papo hapo, ajapokuwa na mvi kichwa kizima.