Jinsi unene unavyovuruga homoni za seli za mafuta

Kwa miaka mingi mafuta ya mwilini yalihesabiwa kuwa ghala tu. Chakula kisichotumika leo, ilisemekana, huwekwa akiba kwa siku ya njaa, na ghala lenyewe halina kauli. Dhana hiyo iliporomoka mwezi Desemba mwaka 1994, pale Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller mjini New York walipotangaza kuwa wameigundua jeni inayoziwezesha seli za mafuta kutengeneza homoni na kuituma ubongoni. Homoni hiyo iliitwa leptini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya wembamba.

Msako wenyewe ulianza mbali zaidi. Mwaka 1949, katika maabara ya Jackson iliyopo Bar Harbor, jimbo la Maine nchini Marekani, walionekana panya waliokula bila kukinai hadi wakawa wanene kupita kiasi. Baadaye mtafiti Douglas Coleman aliunganisha mzunguko wa damu wa panya kama hao na wa panya wa kawaida. Yule mnene akapunguza kula na uzito wake ukashuka. Coleman akahitimisha kwamba damu ya panya wa kawaida inabeba kitu fulani kinacholeta shibe, na kwamba mnene amekikosa. Ilichukua zaidi ya miaka ishirini kukijua kitu hicho.

Leptini hupanda kadiri mafuta yanavyoongezeka. Ikifika katika sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, hutoa taarifa kwamba akiba inatosha, na hamu ya chakula hupungua. Hivyo ilitarajiwa kuwa watu wanene wamepungukiwa na leptini, na kwamba sindano ya homoni hiyo ingekuwa dawa yao.

Matarajio hayo hayakutimia. Ilibainika kuwa watu wengi wanene wana leptini tele katika damu, ila ubongo wao hauitikii ipasavyo, mithili ya mtu aliyezoea kelele za kinu jirani hata asizisikie tena. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha kuwa kuwaongezea leptini kulileta nafuu ndogo tu. Walionufaika sana ni watoto wachache mno waliozaliwa na hitilafu ya jeni hiyo, wakiwemo wawili wa ukoo mmoja ambao habari zao zilitolewa na watafiti wa Cambridge, Uingereza, mwaka 1997.

Homoni nyingine ya seli za mafuta, adiponektini, hufuata njia ya kinyume: seli zinapovimba kwa mafuta, hutengenezwa kwa kiwango kidogo. Hasara yake ni kubwa, kwa kuwa adiponektini huisaidia insulini kufanya kazi katika misuli na ini. Wakati huo huo seli zilizojaa kupita kiasi huzivuta seli za kinga ya mwili, na pamoja hutoa kemikali za uvimbe wa chini kwa chini. Mwaka 1993 Gökhan Hotamisligil na Bruce Spiegelman wa mjini Boston walionyesha, kwa kutumia wanyama, kwamba mojawapo ya kemikali hizo huidhoofisha insulini. Kongosho hulazimika kuzalisha insulini zaidi na zaidi. Linaposhindwa, kisukari cha aina ya pili huingia.

Mahali mafuta yalipo pia pana uzito wake. Yale yanayozunguka ini na utumbo huhusishwa na madhara zaidi kuliko ya nyonga na mapaja, ndiyo sababu madaktari hupima kiuno. Kwa hiyo kitambi, ambacho wengi Afrika Mashariki wamekihesabu kuwa dalili ya neema, ni dalili ya kutazamwa kwa makini. Kwa wanawake waliokoma hedhi kuna jambo la ziada: tishu za mafuta huendelea kuzalisha homoni ya estrojeni, na wingi wake ni sababu mojawapo ya unene kuongeza hatari ya saratani ya matiti na ya mji wa mimba.

Hata hivyo mafuta si adui. Watu wenye maradhi adimu ya lipodistrofi, ambao mwili wao hauna mafuta ya kutosha chini ya ngozi, nao hupatwa na kisukari kikali, kwa kuwa mafuta yaliyokosa ghala huishia kwenye ini na misuli. Hao ndio waliokuja kufaidika na leptini: dawa inayotokana nayo iliidhinishwa Marekani mwaka 2014.

Kupunguza uzito, hata kwa asilimia 5 hadi 10, huirejeshea insulini sehemu ya nguvu zake. Lakini utafiti wa Sweden wa mwaka 2008 ulionyesha kuwa mtu mzima anapokonda, seli zake za mafuta husinyaa tu. Idadi yake haipungui. Seli zilizosinyaa hutoa leptini kidogo, nao ubongo huitafsiri hali hiyo kuwa ni njaa: hamu ya kula hupanda na mwili hubana matumizi ya nishati. Ndiyo maana wengi waliokonda kwa jitihada kubwa hunenepa tena, na wanaolaumiwa kwa ulafi huwa wanapambana na amri inayotoka ndani ya miili yao wenyewe.