Uviko-19: Chanjo ilikuwa hiari, mtungi wa oksijeni je?

Tanzania haikumlazimisha mtu kuchanjwa Uviko-19. Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani Ikulu, Dar es Salaam, Julai 28, 2021, na tangu siku hiyo neno lililorudiwa sana ni moja: hiari.

Mwezi mmoja kabla, Rais huyohuyo alisema nchi ina wagonjwa zaidi ya 100, na 70 kati yao wanasaidiwa na oksijeni. Hapo ndipo hiari inapobana. Mgonjwa aliyezidiwa anahitaji kitanda, muuguzi na oksijeni muda wote, na mtungi huohuo anausubiri mtoto mwenye nimonia, au majeruhi wa bodaboda aliyekimbizwa Mloganzila kutoka Kimara.

Kwa mkazi wa Ubungo, suala lilianzia kwenye daladala ya Mbezi. Kuchanjwa ni mkono wako. Kukohoa bila barakoa kwenye gari lililojaa, huku konda anasema "sogeeni nyuma, kweupe huko", hiyo ni hewa ya wote. Ndiyo maana Julai hiyohiyo mkoa ulifanya barakoa kwenye daladala kuwa amri, sio ombi.

Wengine waliivaa kidevuni, wakaipandisha trafiki akitokea.