Utegemeano wa Elektroni: Historia ya Dhana na Jina Lake

Istilahi njema hutokana na dhana iliyoeleweka. Asiyeijua historia ya dhana hubaki kutafsiri maneno matupu. Mfano mmoja twaupata katika fizikia ya metali na mango nyinginezo.

Mwaka 1928 Mwingereza Douglas Hartree alibuni njia ya kukokotoa nishati ya atomi. Aliichukulia kila elektroni kana kwamba yaenda peke yake, ikikabiliwa na wastani tu wa nguvu za elektroni nyingine. Mwaka 1930 Vladimir Fock wa Urusi ya Kisovieti aliirekebisha njia hiyo ifuate kanuni ya Pauli. Lakini wastani hauoni yote. Elektroni zina chaji hasi. Moja ikisogea huku, nyingine hukwepa kule. Nishati inayosahauliwa na wastani huo ndiyo ambayo Eugene Wigner, akichunguza metali, aliipa jina lake mahsusi mwaka 1934.

Katika atomi ya heliamu upungufu huo ni kama asilimia 1.5 tu ya nishati yote. Hata hivyo si wa kupuuzwa, kwa kuwa nishati inayounganisha atomi nayo ni ndogo. Tena, mwaka 1937 ilibainishwa kwamba oksidi ya nikeli haipitishi umeme, ilhali nadharia ya elektroni pweke ilidai kwamba yapaswa kupitisha. Mwaka 1965 Walter Kohn na Lu Sham walitoa njia ya kuukadiria upungufu kutokana na msongamano wa elektroni wa kila mahali. Na mwaka 1980 David Ceperley na Berni Alder walikokotoa kwa kompyuta tarakimu zilizoiboresha. Oksidi za namna ile zingali zikiitatiza.

Basi tuliite jambo hili nini? "Uwiano" katika hesabu zetu ni ulinganisho wa kiasi na kiasi. "Uhusiano" ni neno pana mno. Hata katika wastani wa Hartree elektroni zina uhusiano. "Mwepukano" lavutia, ila kanuni ya Pauli nayo huziepusha baadhi ya elektroni, na hilo Fock alikwisha kulihesabu.

Lifaalo ni "utegemeano": mahali ilipo elektroni moja hutegemea mahali ilipo nyingine wakati ule ule. Kwalo twapata pia "nishati ya utegemeano". Tukishika "uwiano", mwanafunzi atatafuta mgawanyo wa tarakimu pale apaswapo kuuona mwendo.