Sanduku Jeusi na Rundo la Mawe

Asubuhi ya tarehe 28 Juni 1948, Shirley Jackson alitelemka hadi posta ya North Bennington, mji mdogo wa jimbo la Vermont nchini Marekani, kuchukua barua zake kama kawaida. Alikuwa na umri wa miaka 31, mke wa mhakiki wa fasihi Stanley Edgar Hyman, mama wa watoto wawili na wa tatu akiwa tumboni. Siku mbili kabla, jarida la The New Yorker lilikuwa limetoka na hadithi yake fupi, "The Lottery", yaani bahati nasibu. Kwa simulizi yake mwenyewe, haikupita wiki ila alilazimika kuchukua sanduku kubwa kuliko yote pale posta, na bwana posta aliyezoea kupiga naye soga alikuwa amemnunia.

Barua zilizomjia majira hayo ya joto zilizidi 300. Alizihesabu zenye neno la upole, akapata 13, nyingi zikiwa za marafiki. Hata mama yake mzazi alimwandikia kumwambia kwamba yeye na baba hawakuipenda kabisa ile hadithi.

Kwetu bahati nasibu inanukia fedha taslimu na pikipiki mpya. Ya Jackson ni kura ya namna nyingine. Hadithi inaanza tarehe 27 Juni. Wahariri ndio walioomba tarehe hiyo ikaribiane na ya toleo lao. Ni saa nne asubuhi, jua limetoka, na watu kama 300 wa kijiji kisichotajwa jina wanakusanyika uwanjani, kati ya posta na benki. Wanaume wanaongea habari za mashamba na kodi. Wavulana wameokota mawe na kuyarundika pembeni, na msomaji anayapita kama mchezo wa watoto.

Msimamizi ni Bwana Summers, muuza makaa ya mawe, ambaye ndiye pia anayeandaa dansi na shughuli za vijana. Bwana Graves, mkuu wa posta, anamletea kigoda cha miguu mitatu, na juu yake linawekwa sanduku jeusi lililochakaa na kubanduka rangi. Kila mwaka Bwana Summers hutaja haja ya kutengeneza jipya, na kila mwaka maneno yanaishia hapo. Sanduku halina hata mahali pake maalumu: mwaka huu limo ghalani kwa Bwana Graves, mwaka mwingine linakanyagwakanyagwa posta, mwingine limewekwa kwenye rafu ya duka la vyakula.

Hapo Jackson anatua bila haraka. Zamani, anasimulia, vilitumika vipande vya mbao. Watu walipoongezeka vikaja vikaratasi. Palikuwa na kisomo alichokitamka msimamizi, kikasahaulika. Palikuwa na namna ya kumsalimu kila anayesogea kuchukua kura, nayo ikafifia. Kila kilichoweza kumweleza mtu sababu ya jambo lenyewe kimeanguka njiani. Mawe tu ndiyo hayakusahaulika.

Tessie Hutchinson anafika amechelewa, anafuta mikono kwenye aproni, anacheka na jirani yake, Bibi Delacroix, kwamba siku ilimtoka kichwani. Wakuu wa familia wanachukua vikaratasi, na alama nyeusi inaangukia kwa mumewe. Papo hapo sauti ya Tessie inabadilika: haikuwa haki, mume wangu hakupewa muda wa kuchagua. Anadai hata binti yake aliyekwisha olewa aingizwe kwenye mkupuo wa pili, wa kumpata mmoja ndani ya familia, ili hatari igawanywe kwa watu wengi zaidi. Ni mama huyo huyo aliyekuwa akicheka dakika chache zilizopita. Katika malalamiko yake yote, hasemi hata mara moja kwamba kura yenyewe ni dhuluma. Anachogombania ni utaratibu.

Yuko pia Bwana Adams, anayedokeza kwamba kijiji cha kaskazini kinafikiria kuachana na kura. Mzee Warner, ambaye hii ni kura yake ya 77, anamkemea: wajinga wa leo, kesho watataka kurudi kuishi mapangoni. Kwa mzee huyu, kura na mavuno ya mahindi ni kitu kimoja. Mkupuo wa pili unampata Tessie, na watu wanakwenda kwenye rundo. Bibi Delacroix anachagua jiwe la kubebwa kwa mikono miwili. Mtoto mdogo wa Tessie, Davy, anatiliwa vijiwe mkononi. Na mbele ya umati, mstari wa kwanza, amesimama Bwana Adams.

Katika mhadhara uliochapishwa mwaka 1968, baada ya kifo chake, Jackson alieleza kwamba wazo lilimjia akisukuma kigari cha binti yake kupanda mlima, pamoja na vyakula alivyotoka kununua. Alipofika nyumbani alimweka mtoto kwenye uzio wake wa kuchezea, mboga akazitia kwenye jokofu, akaketi kuandika, na hadithi ikatoka kwa wepesi. Mwandishi wa wasifu wake, Ruth Franklin, amebaini kwamba tarehe za simulizi hiyo hazilingani na kumbukumbu za jarida. Lakini hata kama alizipanga upya siku, mahali hakupabuni. Alikiri mwaka 1948 katika gazeti la San Francisco Chronicle kwamba tambiko lile la kale alilihamishia makusudi kijijini kwake mwenyewe na katika zama zake, ili msomaji ashtuke na kuona ukatili usio na maana uliomo katika maisha yake. Ndiyo maana kuna posta na benki, na si pango wala madhabahu. Bwana posta wa North Bennington huenda alikuwa na sababu ya kununa.

Wakati ule The New Yorker halikuwa na desturi ya kutenganisha kwa maandishi hadithi za kubuni na habari za kweli, kwa hiyo wapo walioamini kuwa wanasoma ripoti. Wengine walifuta usajili wao. Mwanaanthropolojia Alfred Kroeber, kama binti yake, mwandishi Ursula Le Guin, alivyokumbuka baadaye, alikasirika kwa kuwa Jackson hakueleza kura kama ile ingewezaje kuota mizizi katika jamii. Barua zilizomtisha Jackson zaidi, hata hivyo, hazikuwa za matusi. Zilitoka kwa watu waliotaka kujua kura hizi zinapigwa wapi, na kama mgeni anaruhusiwa kwenda kutazama.

Afrika Kusini iliipiga marufuku. Hyman aliandika kwamba mkewe alijivunia jambo hilo daima: angalau hao, alisema, walikuwa wameielewa.

Mwaka 1968, miaka mitatu baada ya Jackson kufariki akiwa na umri wa miaka 48, East African Publishing House ya Nairobi ilitoa mkusanyo wa Grace Ogot, Land Without Thunder. Ogot, mzaliwa wa Nyanza aliyesomea uuguzi, alitia humo hadithi ya Oganda, "The Rain Came", yenye asili katika ngano za Waluo. Ukame umekaza, na mganga ametamka kwamba Oganda, binti wa Chifu Labong'o, apelekwe ziwani akaliwe na zimwi, ndipo mvua inyeshe. Kijiji kinamfanyia karamu na kumpongeza kwa heshima aliyopewa. Njiani mtoto anamkimbilia na kumkabidhi kipuli: ampelekee dada yake aliyekufa wiki iliyopita, alikisahau. Davy alipewa vijiwe. Huyu ana kipuli. Wote wawili wanatenda walichofunzwa, na hakuna hata mmoja aliye mbaya.

Waswahili husema mwacha mila ni mtumwa. Mzee Warner angeitikia kwa kichwa. Hofu yake ni kwamba kura ikiachwa njaa itaingia, na kwa kuwa hapana mwaka ulioachwa, hapana awezaye kumkanusha. Kwa Ogot mwaka huo unapatikana. Osinda, mchumba wa Oganda, anamnyatia hadi karibu na maji, anamfunika kwa vazi la majani na kukimbia naye. Zimwi halikupata kitu. Radi inapiga, mvua inaanguka kwa vishindo.

Sisi wasomaji tunajua. Huko nyumbani hakuna aliyeona. Wanachojua ni kwamba binti alikwenda ziwani na mbingu zikafunguka. Ukame mwingine ukija, mganga atakapoulizwa la kufanya, atakuwa na ushahidi.